Kura ya kaunti isomwe kutoka chini

Novemba 5, 2024, aliyeingia kituo cha kupigia kura mjini Houston akiwa na rais peke yake kichwani alimaliza haja yake katika dakika ya kwanza. Mashine haikumwachia. Ilimletea seneta, ikamletea mbunge, kisha ikaanza kumwaga: sherifu, mwendesha mashtaka, mwanasheria wa kaunti, mkusanya kodi, konstebo, na majaji, skrini baada ya skrini, majina asiyoyajua hata kwa kusikia. Sisi tuliopata uraia miaka ya karibuni, waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma pamoja na waliokuja kwa viza ya masomo, wengi tulifanya jambo moja. Kidole kwenye kitufe cha kusonga mbele, mbele, mbele, mpaka mwisho.

Rais tulimchagua. Mtu anayeweza kuweka godoro lako nje ya apatimenti tulimruka.

Haya yamekusanywa katika mizunguko kadhaa ya uchaguzi wa Kaunti ya Harris, ulimo mji wa Houston, jimbo la Texas. Makosa tunayasema kwa wingi kwa sababu karibu kila moja lilifanywa na zaidi ya mtu mmoja.

Majina ya vyeo yanapotosha

Texas ina kaunti 254, na katiba yake ni ya mwaka 1876. Walioiandika hawakumwamini mkubwa yeyote, basi wakayagawa madaraka ya kaunti vipande vipande na kila kipande wakakipa mtu wake wa kuchaguliwa. Sherifu hakuajiriwa na kiongozi wa kaunti, wala mweka hazina si mtu wa sherifu. Ndiyo maana karatasi ya kura ni ndefu. Anayetoka Tanzania, ambako hakimu wa mahakama ya mwanzo huajiriwa, naye mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais, au Kenya, ambako majaji hupitia Tume ya Huduma za Mahakama, lazima aanze upya. Huku jaji anaomba kura, tena jina lake liko chini ya bendera ya chama.

Chukua konstebo. Kwetu ni askari wa cheo cha chini kabisa, yule anayesimamisha bodaboda. Katika Kaunti ya Harris makonstebo wako 8 tu, kila mmoja na eneo lake, na kila mmoja ni mkuu wa kikosi chenye magari, silaha na manaibu. Anachaguliwa kwa miaka minne.

Kisha yuko anayeandikwa "County Judge". Harris ni kaunti ya watu zaidi ya milioni nne na nusu, na huyu ndiye kiongozi wake mkuu, hasikilizi kesi. Anaongoza baraza la watu watano, yeye na makamishna wanne, linalopanga bajeti, kiwango cha kodi, fedha za jela, hospitali za umma na kinga ya mafuriko. Kimbunga kikija, tangazo la hatari linatoka kwake. Mwaka 2018 kiti hicho kilichukuliwa na Lina Hidalgo, mzaliwa wa Colombia aliyepata uraia wa Marekani mwaka 2013, akiwa na miaka 27. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema raia wa kuandikishwa hawezi kuongoza huku, mpe mfano huo. Ni urais na umakamu tu anaozuiwa.

Mkusanya kodi naye ana kazi isiyotajwa na jina lake: ndiye mwenye daftari la wapiga kura. Uchaguzi wenyewe unaendeshwa na karani wa kaunti. Mgawanyo huu ulirudi Harris mwezi Septemba 2023, baada ya Bunge la jimbo kuifuta ofisi moja iliyokuwa ikifanya kazi zote mbili. Watu wetu walipoteza siku nzima kufuata kadi yao ya mpiga kura kwenye ofisi isiyohusika.

Sasa hakimu wa amani. Kwenye karatasi anaandikwa "Justice of the Peace", na Harris wako 16, wawili kwa kila eneo la konstebo. Mfananishe na hakimu wa mahakama ya mwanzo, kwa tofauti kwamba sheria ya Texas haimdai awe mwanasheria. Anasikiliza makosa madogo ya faini isiyozidi dola 500, madai ya fedha yasiyozidi dola 20,000, na kesi za wapangaji. Hizi za mwisho ndizo zinazotukuta. Mwenye nyumba anafungua kesi, hakimu anaitaja tarehe, mpangaji asipofika anashindwa palepale. Baada ya hukumu una siku tano za kukata rufaa. Zikipita, mwenye nyumba anaomba amri ya kurudishiwa nyumba, na amri hiyo inakwenda kwa konstebo. Naibu wake anakuja kubandika karatasi mlangoni: saa 24. Kesho yake wanarudi, na masufuria, magodoro na begi la shule la mtoto vinawekwa nje ya jengo.

Hakimu alichaguliwa. Konstebo alichaguliwa. Wote wawili walikuwa chini kabisa ya karatasi.

Kabla ya kujiandikisha

Kosa la hatari kuliko yote hufanywa na asiye raia. Mwenye grini kadi anakwenda kuchukua leseni ya udereva, fomu inamwuliza kama anataka kuandikishwa mpiga kura, naye kwa adabu zetu za kukubali kila kinachotolewa na serikali anatia alama ya ndiyo. Kudai uraia usio wako ni kosa la sheria ya shirikisho; linaweza kukufukuzisha nchini na kuua ombi la uraia unalolisubiri. Hoja ya "sikuelewa swali" imewashinda watu wenye mawakili wazuri. Jibu ni hapana mpaka siku ya kiapo, hata kama mtumishi wa dirishani anasema ni kawaida tu.

Ombi la uraia tangu Aprili 2024 ni dola 760 kwa karatasi au 710 kwa mtandao. Ukiambiwa ulipe chochote ili uandikishwe kupiga kura, ondoka. Uandikishaji ni bure. Siku ya kiapo kuna watu wa kujitolea wanaogawa fomu za uandikishaji. Jaza hapohapo. Tuliosema "nitajaza nyumbani" tulikuja kuikuta fomu ndani ya bahasha ya hati miezi mitatu baadaye, tarehe ya mwisho imepita. Texas haina uandikishaji wa mtandaoni kwa mtu mpya. Ni karatasi yenye sahihi, na iwe imefika au imegongwa muhuri wa posta siku 30 kabla ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa Novemba 3, 2026 hiyo ni Oktoba 5.

Jina ndilo linalosumbua watu wetu. Mkongo mwenye majina matatu, la kwao, la baba na la ubatizo, huandikwa kwa mpangilio mmoja na UNHCR, mwingine kwenye grini kadi, mwingine kwenye leseni. Tarehe za kuzaliwa nazo, nusu ya ukoo wamezaliwa Januari 1. Jaza fomu kwa mpangilio ulioko kwenye leseni, herufi kwa herufi, usiongeze kiungo wala kufupisha. Ikitokea daftari na kitambulisho havifanani sana, karani wa kituo atakuomba uweke vifupisho vya jina kwenye kisanduku cha kuthibitisha kwamba ni wewe. Huo si mtego. Wapo walioona wanatakiwa kutia sahihi kitu wasichokielewa, wakarudi nyumbani.

Kuhama ni jambo la pili. Houston imetapakaa hadi kaunti za Fort Bend na Montgomery, na ukihama apatimenti maili tatu unaweza kuwa umebadili kaunti bila kujua. Ndani ya kaunti moja, ukisahau kubadili anwani utajaza tamko kituoni na kupiga kura. Ukivuka mpaka wa kaunti, uandikishwe upya kabla ya zile siku 30.

Hofu nyingine iliyotembea sana ni kwamba ukijiandikisha utaitwa kuwa mzee wa baraza la mahakama. Orodha hiyo hutokana na daftari la wapiga kura pamoja na leseni za udereva. Kama unaendesha gari, uko humo tayari.

Machi ndiyo yenyewe

Hapa ndipo tulipopigwa chenga kwa miaka. Tulikuwa tunasubiri Novemba, huku viti vingi vya kaunti vimeshaamuliwa kwenye mchujo wa vyama, Jumanne ya kwanza ya Machi katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Kim Ogg alikuwa mwendesha mashtaka wa Harris tangu alipochaguliwa mwaka 2016. Hakuangushwa na chama pinzani; aliangushwa Machi 2024 na Sean Teare, ndani ya chama chao cha Democratic, kwa tofauti kubwa. Novemba Teare akashinda kwa pumzi ya mwisho. Mpiga kura wa Novemba peke yake alikuta nusu ya uamuzi umeshafanywa na wachache waliojitokeza Machi.

Texas haikuandikishi chama. Ukifika kituoni mwezi Machi unaulizwa unataka karatasi ya chama kipi, unachagua kimoja, basi. Kama hakuna aliyepita nusu ya kura, wawili wa juu wanarudi mwezi Mei. Hapo kuna kanuni inayowachanganya watu: uliyechukua karatasi ya chama kimoja Machi huwezi kuchukua ya chama kingine Mei. Ambaye Machi hakupiga kabisa anaruhusiwa kuingia marudio ya upande autakao. Mei vituo ni vitupu, mtu anapiga kura dakika sita, na kwa sababu wapiga kura ni haba, familia tatu za kanisa moja zina uzito ambao Novemba hazina.

Viti navyo vina zamu. Sherifu, mwendesha mashtaka, mwanasheria wa kaunti, mkusanya kodi na makonstebo huchaguliwa mwaka wa rais. Kiongozi wa kaunti, karani wa kaunti, karani wa mahakama na mweka hazina huja mwaka wa katikati, kama 2022 na 2026. Majaji wamo kila safari.

Majaji, na namna ya kuwapanga

Inaeleweka mtu kuuliza ataanzia wapi na majina dazeni kadhaa. Zamani palikuwa na njia ya mkato, alama moja ya chama inayojaza karatasi yote. Texas iliiondoa kuanzia uchaguzi wa 2020. Sasa lazima uguse kila kiti.

Sisi tuliacha kuwasoma kwa majina tukaanza kuwasoma kwa aina ya mahakama. Mahakama za familia zinaamua talaka na nani akae na watoto. Za mirathi ni chache, zinamalizika haraka. Za jinai za wilaya zinasikiliza makosa makubwa. Na za jinai za kaunti zinasikiliza madogo, na hizi zina kisa kinachofaa kusimuliwa kwa kila anayesema kura ya jaji haibadilishi kitu. Hadi miaka michache iliyopita, aliyekamatwa Harris kwa kosa dogo asiyekuwa na fedha za dhamana alikaa jela, na mwenye fedha alitoka. Kesi ya kupinga utaratibu huo ilifunguliwa mahakama ya shirikisho mwaka 2016, na majaji wengi wa mahakama hizo wakaitetea dhamana ya fedha. Novemba 2018 wapiga kura wakawaondoa. Waliochukua viti wakaacha kupinga, na mwaka 2019 wakaingia maafikiano kwamba walio wengi wa makosa madogo waachiwe bila kuweka fedha. Wapo wanaoona ni vyema na wapo wanaoona ni ulegevu. Wote wanakubali kwamba kiini chake ni skrini zile tulizokuwa tunaziruka.

Kwa sherifu, jiulize kuhusu jela, kwa sababu ndiye mwenye funguo, na kuhusu doria katika maeneo yasiyo ndani ya mji wowote, ambako polisi wa Houston hawafiki. Sherifu Ed Gonzalez alipoingia mwaka 2017 aliyavunja makubaliano yaliyowapa manaibu wa jela kazi ya maofisa wa uhamiaji. Mwaka 2025 Bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuwalazimisha masherifu wanaoendesha jela kuingia makubaliano ya namna hiyo. Mgombea anayekuahidi kwamba sherifu peke yake atamaliza jambo la uhamiaji, muulize hiyo sheria ataipitia wapi.

Kupanga orodha huchukua jioni mbili. Tovuti ya uchaguzi ya kaunti inatoa mfano wa karatasi yako, wa anwani yako hasa, ichapishe. Chama cha Wanasheria wa Houston huwapigisha wanachama wake kura ya maoni juu ya majaji, na ligi ya wanawake wapiga kura, League of Women Voters, hutoa majibu ya wagombea bila kupendelea chama. Mwongozo wa kanisa au wa jirani usome pia, ila uangalie umelipiwa na nani. Kawaida maandishi hayo ni madogo, chini ya ukurasa wa mwisho.

Ndani ya kituo

Orodha ukishaipanga, iandike kwenye karatasi. Karatasi! Tulituma orodha kwenye kundi la WhatsApp, watu wakafika wameshika simu, wakaambiwa zizimwe, maana simu haziruhusiwi ndani ya futi 100 za sehemu ya kupigia kura. Orodha ikabaki kwenye simu iliyozimwa na vidole vikarudi kwenye "mbele". Karatasi uliyoiandika kwa mkono inaingia nawe hadi kwenye mashine. Fulana au kofia yenye jina la mgombea haiingii.

Kitambulisho ni leseni ya Texas, kitambulisho cha jimbo, pasi ya Marekani, au hati ya uraia yenye picha, pamoja na vingine vichache. Kwa mwenye miaka 18 hadi 69, leseni iliyoisha muda isizidi miaka minne. Asiyenacho na hawezi kukipata kwa urahisi ajaze tamko la sababu na aonyeshe bili ya umeme, taarifa ya benki au stakabadhi ya mshahara. Ukiambiwa humo kwenye daftari, usiondoke mikono mitupu: omba kura ya muda, ile inayowekwa kando mpaka ihakikiwe. Kama tatizo ni kitambulisho, una siku sita za kukipeleka ofisini baada ya uchaguzi.

Lugha za karatasi ya Harris ni Kiingereza, Kihispania, Kivietnam na Kichina. Kiswahili hakimo. Mzee wako ana haki ya kuingia na msaidizi anayemwamini, asiwe mwajiri wake wala mtu wa chama chake cha wafanyakazi. Msaidizi anajaza fomu na kuapa. Kazi yake ni kusoma na kugusa anapoambiwa. Akisema "mama, huyu ndiye mzuri" amevunja sheria, hata kama mama ndiye aliyeuliza. Mpangieni orodha nyumbani, mkiwa mezani, mkibishana mnavyotaka.

Kura ya posta isichukuliwe kama njia rahisi. Ni ya wenye miaka 65 na zaidi, wagonjwa au walemavu, walio nje ya kaunti na wengine wachache, na tangu sheria ya 2021 namba ya kitambulisho uliyoandika lazima ioane na iliyo kwenye daftari. Katika mchujo wa Machi 2022 zaidi ya kura 24,000 za posta zilikataliwa Texas nzima. Nyingi zilikwama kwa namba iliyokosekana kwenye kisanduku kidogo kilichofichwa na kifuniko cha bahasha. Jaza namba zote mbili, ya leseni na tarakimu nne za mwisho za namba ya usalama wa jamii (Social Security).

Harris hukuruhusu kupiga kituo chochote cha kaunti, mapema au siku yenyewe, ambayo ni saa moja asubuhi hadi saa moja jioni. Aliye kwenye foleni saa moja ikigonga anahudumiwa. Wa maghala wenye zamu ya masaa 12 wajue hili: kama huna saa mbili mfululizo nje ya zamu wakati vituo viko wazi, mwajiri anapaswa kukupa nafasi bila kukata mshahara. Ombeni mapema na kwa maandishi.

Ukimaliza kugusa, mashine inachapisha karatasi. Hujapiga kura bado. Isome, kisha uitie kwenye skana, na kama zimetoka mbili, zote mbili. Yuko aliyekunja ya kwake akaitia mfukoni akidhani ni risiti.

Kama umebakiza mwaka kabla ya kura ijayo na una asubuhi moja ya mapumziko, kakae kwenye mahakama ya hakimu wa amani wa eneo lako siku ya kesi za wapangaji. Milango iko wazi kwa yeyote, huulizwi unatafuta nini. Angalia kama anamsubiri mkalimani au anaendelea bila yeye, na anampa mpangaji dakika ngapi. Andika jina lake pembeni ya ile karatasi.